Kifurushi cha kuanzia sabuni kwa mwenye cherehani nyumbani: kipi ulipie, kipi umwachie muuzaji

Kwa mtu mwenye cherehani nyumbani anayetaka kuongeza na sabuni, kifurushi cha kuanzia kinachouzwa Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram za hapa Dar kina vitu viwili vya kulipia bila kusita, kimoja cha kufikiria, vitatu vya kumwachia muuzaji na karatasi moja ya kuchana.

Kifurushi chenyewe si cha kampuni moja. Kila duka hukusanya vya kwake, ila yaliyomo hayatofautiani sana: kilo moja ya kostiki (kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), mizani ndogo ya kidijitali, kalibu ya silikoni, jozi ya glavu, chupa ya pafyumu, vichupa vya rangi na karatasi ya maelekezo. Hapa tunavipima kwa jicho la mtu ambaye tayari ana meza ya kukatia, pasi, rula ndefu na vitambaa vya wateja vinavyosubiri. Chumba chenye vitenge vya watu na kostiki kwa pamoja kina masharti yake, na hayo muuzaji hayaandiki.

Mizani

Tuanze na mizani, maana bila hiyo hakuna sabuni, kuna bahati nasibu. Nyingi za kwenye vifurushi hubeba hadi kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Zinatosha, kwa sharti kwamba usipike kidogo. Kwenye kilo moja ya mafuta, kostiki inayohitajika ni kama gramu 144, na kosa la gramu moja halifiki hata asilimia 1. Kwenye gramu 200 za mafuta kostiki ni gramu 29 hivi, na gramu ile ile moja sasa imezidi asilimia 3. Wewe ukikosea gramu moja na mizani ikakosea nyingine, mafuta ya ziada uliyoyaacha ili sabuni isichome ngozi yameshaliwa yote. Ndiyo maana anayeanza kwa "kujaribu kidogo kwanza" mara nyingi hupata sabuni mbaya kuliko anayeanza na kilo nzima. Kwa mizani ya namna hii, usishuke chini ya gramu 500 za mafuta.

Kabla ya kulipa, omba jiwe la mizani la gramu 500 kwenye duka la nafaka la jirani. Liweke katikati, kisha pembeni, kisha pembe ya pili. Ikisoma kati ya 499 na 501 pote, chukua. Ikibadilika kwa gramu tano ukilisogeza pembeni, irudishe, hata kama muuzaji atasema betri ndiyo imechoka.

Kasoro ya kawaida ya mizani hizi ni kujizima. Unamimina mafuta polepole, inajizima, ukiiwasha inaanza sifuri huku chombo kikiwa na mafuta nusu. Dawa ni kupima kila kitu kwenye chombo chake, kuandika, ndipo uchanganye. Kwenye ushonaji nayo haikai bure: mito ya sofa iliyojazwa pamba kwa kupimwa hulingana, ya kukadiria kwa mkono hailingani kamwe.

Kostiki

Jina lake la kitaalamu ni sodiamu haidroksaidi. Hapa Dar huuzwa kama maganda meupe bapa au punje ndogo, na iliyo nzuri huwa na usafi wa asilimia 98 au 99. Tatizo ni hewa yetu. Kostiki hunyonya unyevu, halafu hunyonya kabonidayoksaidi iliyomo hewani, na sehemu yake hugeuka sodiamu kaboneti, ndugu yake magadi. Hiyo haigeuzi mafuta kuwa sabuni. Matokeo yake unafuata vipimo barabara na bado unapata sabuni laini yenye grisi, ambayo wiki ya tatu bado inaacha mafuta kidoleni, na mtu analaumu mawese.

Ukitikisa pakiti, maganda yakimbie na kutoa mlio. Yakiwa yameshikana bonge, au yamevaa unga mweupe, yameshakula hewa. Kostiki ya kupimiwa kutoka ndoo iliyokaa wazi mlangoni tangu asubuhi usiinunue, hata ikiwa bei yake inavutia. Bora pakiti iliyofungwa kiwandani yenye maandishi ya mtengenezaji. Duka linalouza kemikali linatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya 2003, kwa hiyo kuuliza cheti si ukorofi.

Mwenye haidromita, kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa kimiminika, anaweza kuipima zaidi. Weka gramu 225 za maji kwenye chombo cha plastiki, tia gramu 75 za kostiki kidogo kidogo, koroga, acha ipoe kabisa, kisha zamisha haidromita. Isome karibu na 1.27 (nyingine huandika 1270). Ikiwa chini ya 1.25, kostiki yako imekunywa maji. Kipimo hiki kina upofu wake: kostiki iliyogeuka kaboneti nayo huongeza uzito wa maji, kwa hiyo inaweza kufaulu mtihani. Macho na ule mtikiso wa dukani bado vinahitajika.

Sasa jambo ambalo tungependa lichapwe kwa wino mwekundu kwenye kila pakiti: usihifadhi kostiki, wala maji yake, kwenye chupa ya maji ya kunywa. Plastiki ya chupa zile, yenye namba 1 chini yake, hulegea kwa joto na huliwa na kostiki. Kubwa zaidi, mtoto au mgeni akiiona atadhani ni maji, na kostiki huunguza koo na tumbo kwa namna isiyorekebishika kirahisi. Tumia kopo lenye namba 2 au 5 chini, mfuniko wa kukaza, neno SUMU kwa herufi kubwa, na rafu ambayo mtu mzima anainua mkono kuifikia.

Magadi soda ya sokoni si mbadala. Wala dawa ya unga ya kuzibua mabomba: baadhi huchanganywa na vipande vya aluminiamu na kemikali nyingine ambazo hazina kazi mwilini mwa mtu.

Karatasi ya kuchana

Karatasi nyingi za maelekezo hupima kwa lita. Chukua mfano ulioenea: loweka kilo moja ya kostiki kwenye lita 3 za maji, kisha kila lita moja ya maji hayo changanya na lita mbili za mafuta. Hebu tupige hesabu. Lita moja ya maji hayo ina uzito wa gramu 1,270 hivi, na robo yake, yaani gramu 317, ni kostiki tupu. Lita mbili za mafuta ni gramu 1,840, na kwa mchanganyiko wa mafuta tutakaoutoa hapa chini, zinaweza kula gramu 280 tu. Gramu 37 zinabaki hazina pa kwenda. Hiyo ndiyo sabuni inayokausha mikono hadi ngozi inababuka, kisha mtu anaambiwa "itapoa ikikomaa". Haipoi. Kostiki iliyozidi kiasi hicho haimalizwi na muda.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kwa gramu moja ya mafuta, nazi hula gramu 0.183 za kostiki, mawese 0.142, alizeti 0.135, nyonyo 0.128. Zidisha kila mafuta kwa namba yake, jumlisha, kisha punguza asilimia 5 ili kiasi hicho cha mafuta kibaki bila kugeuka. Mchanganyiko unaofaa hali ya hewa ya Dar na unaopatikana bila kuhangaika ni huu: nazi gramu 300, mawese gramu 450, alizeti gramu 200, nyonyo gramu 50. Hesabu inatoa 152.2, na baada ya kupunguza inabaki 144. Maji ni mara mbili ya kostiki, gramu 288. Utapata kama kilo 1.4 ya sabuni mbichi, vipande 10 vya gramu 140 hivi, ambavyo vikikauka vitapungua uzito kwa sehemu ya kumi au zaidi kidogo.

Usiongeze alizeti kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ikizidi robo ya mafuta yote, sabuni hukaa laini, na kwa joto letu huchacha na kutoa madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Nazi nayo ikizidi theluthi moja hutoa povu jingi lakini hukausha ngozi. Mawese mekundu, yale ya Kigoma, hufanya kazi sawasawa na meupe. Sabuni hutoka na rangi ya machungwa inayopauka kadiri inavyokaa kwenye mwanga. Mteja asishangae.

Vitu ambavyo kifurushi hakina

Cha kwanza ni chombo. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za aluminiamu, na kostiki hula aluminiamu: sufuria inachemka bila moto, inageuka nyeusi, na gesi inayotoka ni haidrojeni, inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo ndogo ya plastiki yenye namba 5. Mwenye cherehani ana sababu ya ziada ya kulikumbuka hili, kwa kuwa mashine nyingi ndogo za mezani zina mwili wa aluminiamu. Butterfly ya miguu yenye kichwa cha chuma haitatoboka kwa tone, lakini rangi yake itabanduka.

Cha pili ni blenda ya mkono. Kwa mwiko, mchanganyiko huu unaweza kuchukua dakika 40 au saa nzima kufikia uzito unaotakiwa; kwa blenda ni dakika tatu mpaka tano. Angalia kikombe cha chini kinachozunguka kisu. Kikiwa cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu, sawa. Kikiwa chepesi chenye rangi ya kijivu iliyofifia, ni aluminiamu, kitaliwa. Umeme ukikatika katikati usimwage kitu, endelea na mwiko. Sabuni haijui kwamba umeme umekatika.

Cha tatu ni miwani ya kinga ya maabara. Hii tungependa muuzaji aiweke mahali pa zile rangi.

Kazi yenyewe

Pima maji kwenye chombo cha plastiki, sogea dirishani, kisha tia kostiki kwenye maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa kuwa yatachemka ghafla na kuruka usoni. Joto litapanda kupita nyuzi 80. Acha lishuke hadi 40 hivi. Mafuta ya nazi kwa Dar huwa yameshayeyuka yenyewe karibu mwaka mzima, kwa kuwa huganda chini ya nyuzi 25 tu. Mawese yenye mgando yapashe moto kidogo. Vyote viwili vikiwa kati ya 35 na 40, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta, washa blenda sekunde kumi, zima, koroga nayo ikiwa imezimwa, washa tena. Inua blenda: tone likianguka na kuacha alama juu kwa muda kabla ya kuzama, uji umeiva. Mimina.

Maelekezo ya nchi za baridi husema funika kwa blanketi. Hapa usifunike. Chumba chenye nyuzi 30 kinatosha, na ukifunika sabuni hupasuka juu, au hufura na kumwagika nje ya kalibu, hasa ikiwa umetia maziwa, asali au sukari. Elekeza feni kwenye kalibu. Ukikata ukaona duara jeusi kidogo katikati na pembeni pameupe, ni joto halikuenea sawa. Ni sura tu, sabuni ni nzima. Unga mweupe juu ni kaboneti inayotokana na kostiki kukutana na hewa, unaparwa kwa kisu. Ikitengana, mafuta juu na maji chini, ama hukukoroga vya kutosha ama vipimo vimekosewa, na hiyo usiitumie mwilini.

Baada ya saa 24 hadi 48, kata vipande vya sentimita 2.5. Rula ya fundi hapa inashinda kifaa chochote cha kukatia kinachouzwa. Kisha wiki nne hadi sita za kukomaa, kwa nafasi kati ya kipande na kipande, juu ya wavu wa plastiki au mbao. Wavu wa chuma unaoshika kutu huharakisha yale madoa ya chungwa. Wakati wa masika sabuni hutoa vitone vya jasho. Ni glisarini yake inavuta unyevu wa hewa. Usiifute, ongeza upepo.

Kalibu, na vile vitatu vya kuacha

Kalibu ya silikoni ndicho kitu cha kufikiria. Inavumilia joto na sabuni haing'ang'anii, lakini hufunga unyevu, kwa hiyo sabuni inayotoka siku ya kwanza huacha kona zake ndani. Ipe saa 48. Kujua inabeba kiasi gani, zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha zidisha jibu kwa 0.7: unapata gramu za mafuta. Kalibu ya 25 kwa 8 kwa 7 inabeba gramu 980, karibu kabisa na mchanganyiko wetu. Boksi la mbao lenye vipimo hivyo, lililotandikwa karatasi ya kuokea, linafanya kazi ile ile, na fundi seremala wa mtaani analipiga mara moja. Pakiti tupu za juisi tahadhari nazo: nyingi zina karatasi ya aluminiamu ndani chini ya utando mwembamba wa plastiki, na ukiukwaruza kwa blenda au kijiko kazi imeharibika.

Glavu za kifurushi huwa zile nyembamba za kutupa. Hulowa mafuta, huteleza, hupasuka kwenye kucha. Nunua za mpira za kuoshea vyombo zinazofika katikati ya mkono. Kostiki ikikugusa, maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki si ya ngozi, ni ya kufutia meza.

Pafyumu ya kifurushi mara nyingi ni ile ya sabuni za maji. Ikiwa na spiriti hugandisha uji ndani ya sekunde, ukabaki na bonge ndani ya ndoo na blenda imekwama katikati. Ukitaka harufu, mafuta ya mchaichai hudumu vizuri, gramu 20 hadi 30 kwa kilo ya mafuta. Ya machungwa hupotea kabla sabuni haijakomaa. Ya karafuu ni mazuri lakini ni makali kwa ngozi na huharakisha uji kugandamana, kwa hiyo usizidishe gramu 5, na yatie mwisho kwa mwiko, blenda ikiwa imezimwa. Rangi za chakula hubadilika ndani ya kostiki: nyekundu huweza kuishia kahawia. Manjano ya jikoni, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo ya mafuta, huanza na wekundu wa kutisha kisha hutulia kwenye rangi ya haradali. Mkaa wa unga hautishi wala haubadiliki.

Chumba kimoja, kazi mbili

Hapa ndipo vifurushi vyote vinapofeli, kwa kuwa vimetungwa kwa mtu asiye na kitambaa cha mtu. Ganda moja la kostiki likianguka juu ya kitambaa cheupe halionekani. Baada ya muda linavuta unyevu wa Dar, linakuwa tone, na tone hilo ndilo linaloharibu. Hariri na sufu huyeyuka. Poliesta hulika polepole. Pamba haitoboki kwa haraka, ila husinyaa na kung'aa tofauti pale ilipoguswa. Ni kazi ile ile ambayo Mwingereza John Mercer aliipatia hataza mwaka 1850 na ambayo hadi leo hufanyiwa nyuzi za pamba makusudi, ila kiwandani kitambaa hukazwa kisisinyae. Kwenye kitenge cha mteja kilichokatwa tayari, mgongo mmoja utakuwa mfupi kuliko mwingine. Tone likianguka kwenye nguo, osha kwa maji mengi mara moja, kisha siki iliyozimuliwa kwa maji mara kumi, kisha maji tena.

Kwa hiyo sabuni ipikwe jikoni au kibarazani, si chumba cha cherehani. Kama hakuna nafasi nyingine, nguo za watu zitoke, cherehani ifunikwe kwa nailoni, na sakafu ifagiliwe kabla na baada: kabla, kwa ajili ya vipande vya uzi vitakavyotua kwenye uji na kuonekana kama nywele kwenye kila kipande, baada, kwa ajili ya maganda. Kukomazia sabuni ndani ya kabati la vitambaa ni kosa la pande mbili, kwa kuwa nguo hupata unyevu na harufu, na sabuni hukosa upepo. Bibi harusi hataki gauni linalonuka mchaichai.

Kwa muda, kazi hizi mbili hazigombani kama watu wanavyodhani. Sabuni ya kilo moja huhitaji mikono yako kwa kama saa moja tu: kupima, kuchanganya, kumimina, kuosha. Maji ya kostiki hupoa kwa saa moja hadi moja na nusu, na muda huo unafaa kazi za mkono za kukaa karibu, vifungo na upindo, huku ukikilinda chombo kisiguswe na watoto. Yanayobaki ni kusubiri. Kinachotakiwa ni kuipanga kalenda kinyume na ya ushonaji. Sabuni ya kuuza Iddi imiminwe mwanzoni mwa Shaabani, kwa kuwa Ramadhani fundi hana usingizi. Ya Krismasi isipite wiki ya kwanza ya Novemba. Januari, wakati wa sare za shule, usipike kabisa.

Chaki, mifuko na dodoki

Mafundi wengi huweka alama kwa kipande chembamba cha sabuni kilichobaki, na ni njia nzuri, kwa kuwa alama inatoka kwa maji. Lakini sabuni ya mchanganyiko wetu isitumike hivyo: asilimia 5 ya mafuta ya ziada, ikipigwa pasi, huacha doa la grisi kwenye satini. Kwa chaki, pika nazi tupu gramu 500, kostiki gramu 90, maji gramu 180. Hii hupata moto sana na kukauka haraka. Ikate kati ya saa nne na nane baada ya kumimina, la sivyo itavunjika vipande. Sentimita 4 kwa 6, unene wa milimita 5. Ikae wiki tatu, kisha inoe ukingo kwa kisu. Inayobaki ni sabuni kali ya kufulia, inafaa kuloweka vitenge vipya ili vitoe wanga na visinyae kabla ya kukatwa. Pini zikichomekwa kwenye kipande hiki huteleza vizuri kwenye kanvasi, ila usiziache humo usiku kucha, zitashika kutu.

Kwa mifuko ya kufungashia, kipande cha sabuni cha sentimita 8 kwa 6 kwa 2.5 kinahitaji kitambaa cha 13 kwa 36. Kunja sentimita 3 kila upande mfupi kwa ajili ya kamba, kunja katikati, shona pembeni kwa mshono wa sentimita 1, sindano namba 90/14. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 inatoa mifuko 16, na ukanda wa sentimita 19 unaobaki unatosha kamba zote ukiukata kwa upana wa 2.5. Ndani tandika amerikani au funga sabuni kwa karatasi kwanza, kwa kuwa sabuni ikitoa jasho huvuta rangi ya kitenge. Mifuko ya katani ya kusugulia mwili ihitaji sindano 100/16, hatua ya mshono milimita 4, na bobini isafishwe vumbi mara kwa mara.

Dodoki lililokauka, limetolewa mbegu na kukatwa vipande vya sentimita 2.5, likipangwa ndani ya kalibu na kumiminiwa uji mwepesi, hutoa sabuni ya kusugulia ambayo wateja huichagua kwanza. Uji ukiwa mzito hauingii kwenye matundu, na kipande hutoka na mapengo.

Anayetaka kuuza na si kugawa kwa majirani ajue kwamba tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya sabuni kwa wajasiriamali wadogo. Andika kwenye kila kifungashio mafuta uliyotumia, tarehe ya kumimina na uzito uliopimwa siku ya kufungasha, si ule wa siku ya kukata.